Lulu ya kufugwa si feki

Ndugu Mhariri,

Nashona magauni ya sendofu hapa Kaloleni, Arusha. Mwezi uliopita mteja aliniletea mkufu wa lulu nimbadilishie uzi. Aliununua laki tatu katika duka moja la vito mjini, akaapiwa kwamba ni lulu za asili za baharini. Nilipokata uzi nikaona rangi inabanduka kwenye mdomo wa kila tundu, kama rangi ya kucha iliyochakaa, na ndani plastiki tupu. Nikapitisha punje moja kwenye meno, ikateleza kama kigae. Lulu ya kweli hukwaruza jino kidogo, utadhani ina mchanga laini.

Nikamshauri atafute lulu za kufugwa, atapata za kweli kwa bei anayoiweza. Akanijibu, "Fundi, si ndiyo hizo feki?"

Hapo ndipo niliposhika kalamu. Lulu ya kufugwa hutengenezwa na chaza mwenyewe. Kokichi Mikimoto wa Japani alifuga chaza akapata lulu nusu, yaani ya nusu duara, mwaka 1893, na za duara zikafuata mwanzoni mwa karne ya 20. Chaza hufunguliwa kidogo, hupandikizwa kipunje cha gamba na kijipande cha nyama ya chaza mwingine, kisha hurudishwa majini. Huko anakifunika mwenyewe, tabaka juu ya tabaka, kwa utando ule ule unaong'aa ndani ya gamba lake. Lulu ya asili nayo hukua hivyo hivyo, tofauti ni kwamba hakuna aliyempandikiza kitu. Mara nyingi ni kimelea kimeingia, wala si ile chembe ya mchanga tuliyosimuliwa utotoni.

Na hizo za asili tunazozitukuza zina machozi yake. Katika karne ya 19 na mwanzo wa ile ya 20, watu waliotekwa Afrika Mashariki walipelekwa utumwani nchi za Ghuba, na wengi wakafanywa wazamia lulu: pua imebanwa kwa kibanio, jiwe mguuni, kikapu shingoni.

Leo akina mama wa Bweleo, upande wa Fumba kule Unguja, wamefuga chaza wao wenyewe. Hugandisha kidude cha nusu duara ndani ya gamba la chaza aliye hai, humning'iniza baharini kwa kamba, na maji yakipwa huenda kumsugua uchafu. Lulu nusu zao nimezishika mkononi, zina rangi ya mawingu ya asubuhi. Kwa nini zisijae katika maduka ya Arusha?

Maduka yetu yanajua kupanga tanzanaiti kwa madaraja. Basi na lulu ziandikwe: ya asili, ya kufugwa, ya bandia. Ya bandia sina ugomvi nayo. Nashonea mamia kwenye gauni moja, na mwenye gauni anajua. Risiti nayo itaje aina. Ya mteja wangu iliandikwa "mkufu" tu, na aliporudi dukani na punje zake ndani ya kikopo, hakuwa na cha kudai.

Fundi cherehani,
Kaloleni, Arusha