Sasisho limenisomea barua ambazo sijazisoma

Mhariri,

Naomba nafasi nitoe dukuduku langu kuhusu programu ya barua pepe ninayoitumia kwenye kompyuta ya kazini. Wiki mbili zilizopita ilijisasisha usiku. Asubuhi nilikuta rangi zimebadilika na vitufe vimehama. Hayo niliyazoea siku hiyohiyo. Lililoniumiza ni jingine, ambalo maelezo ya toleo jipya yaliliita tu “maboresho madogo”.

Zamani nikifuta barua, programu ilitulia hadi nibofye nyingine mwenyewe. Sasa nikifuta moja, inayofuata inajifungua, na papo hapo inahesabiwa kuwa imesomwa: herufi nzito za kichwa chake zinageuka nyembamba mbele ya macho yangu. Basi nikiwa nafuta matangazo, simu ikaita nikainuka, ile barua ya mwisho iliyojifungua inabaki imejipanga na zile nilizokwisha kuzishughulikia.

Na haiishii hapo. Akaunti yangu inatumia IMAP, yaani njia ya kuzisoma barua zikiwa zimehifadhiwa kwenye seva (kompyuta kuu ya mtoa huduma), hivyo alama ya kusomwa inatunzwa huko, si kwenye kompyuta yangu. Jioni nikifungua simu, huko nako barua ile haina herufi nzito. Hakuna kifaa cha kunishtua. Mtu mmoja alisubiri jibu langu siku nne, akadhani nimempuuza. Nilimwomba radhi, lakini kusema kweli barua yake sikuwahi kuiona.

Dawa nimeipata ndani kabisa ya mipangilio: alama isiwekwe mpaka niiweke mwenyewe. Kinachonikera ni kwamba chaguo hilo nilikuwa nimeliweka miaka mingi iliyopita, sasisho likalifuta bila hata kuniuliza.

Kukataa masasisho siwezi, maana ndiyo yanayoziba mianya ya wadukuzi. Kwa sababu hiyohiyo nawasihi watengenezaji wasitufungashie humohumo tabia mpya tusizoziomba. Anayeanza leo aanze na utaratibu mpya. Sisi wa zamani tuachiwe tulichochagua. Ikishindikana kabisa, basi waandike waziwazi: “Kuanzia toleo hili, ukifuta barua, inayofuata itafunguka na kuhesabiwa imesomwa.” Mstari huo mmoja ningeusoma, na yule mtu angepata jibu lake siku ileile.

Msomaji wako