Grinda ya upepo ya bei chee, angalia kompresa kwanza

Mhariri, naomba kanafasi niongee na wenzangu wenye magari ya zamani hapa Tanga maana hii chumvi ya bahari inatumalizia bodi. Mi nilinunua grinda ya upepo ya bei chee, ile inayozungushwa na upepo wa kompresa, nitoe kutu kwenye chesisi ya pikapu yangu, mashine yenyewe haina shida kabisa, shida ni kompresa yangu ya lita 24, unakwangua kidogo tu upepo umeisha unakaa kusubiri tangi lijae tena. Kwahiyo kabla hujatoa hela muulize muuzaji inakula upepo kiasi gani kwa dakika, nyingi zinataka presha ya psi 90 na upepo usiokatika, kama kompresa yako ndogo bora uchukue grinda ya umeme tu.

Na diski jamani! Hizi grinda ndogo nyingine zinazunguka mara 20,000 kwa dakika, ukifunga diski ya spidi ya chini inaweza kukupasukia usoni, soma namba ya spidi iliyoandikwa kwenye diski, vaa miwani. Ukishakwangua piga praima, ile rangi ya kwanza ya kukinga chuma, sikuhiyohiyo, kwa hewa ya huku chuma kikilala wazi kutu inarudi.

Msomaji wenu, Tanga