Kelele za darasani zisipelekwe mahakamani

Mhariri,

Makala yenu kuhusu nidhamu katika shule za Marekani iligusa polisi wanaowekwa shuleni, ila haikueleza jinsi utukutu wa kawaida unavyogeuka kuwa jinai. Sheria ya shirikisho ya 1994 ilitaka mwanafunzi aliyeleta bunduki shuleni afukuzwe kwa muda usiopungua mwaka mmoja, na hata hivyo ikamruhusu mkuu wa elimu wa wilaya kulegeza adhabu kesi kwa kesi. Wilaya nyingi ziliutanua ukali huo hadi kwenye kupigana na kumjibu mwalimu vibaya. Polisi akiwa koridoni, mwalimu humwita yeye badala ya mshauri, na kelele za darasani huandikwa kuwa ni kosa la kuvuruga shule.

Dawa ipo, wala si ngeni. Mwaka 2004, katika kaunti ya Clayton, jimbo la Georgia, mahakama ya watoto, polisi na shule walikubaliana kuhusu makosa madogo: mara ya kwanza onyo, ya pili usuluhishi au mafunzo, ya tatu ndipo kesi. Wilaya nyingine ziandike ngazi kama hizo, zikitaja kila kosa kwa jina lake ("utovu wa nidhamu" peke yake humeza kila kitu). Na kabla ya kusimamishwa masomo, mwanafunzi asiye hatari kwa wenzake aelezwe kosa lake na asikilizwe. Mahakama ya Juu iliagiza hivyo tangu 1975, katika kesi ya Goss dhidi ya Lopez.

Msomaji wenu