Picha za Tingatinga si za kusugua kwa thina

Ndugu Mhariri,

Nimekuwa msomaji wenu tangu nikifundisha shule ya msingi na sijawahi kuwaandikia hata mara moja. Safari hii nimeshindwa kunyamaza. Katika ile taarifa yenu kuhusu picha za Tingatinga, mwandishi wenu alisema ni "rangi ya baiskeli tu kwenye ubao", kwa hiyo utunzaji wake si kazi, zikichafuka mtu apanguse. Apanguse na nini?

Marehemu baba alinunua picha ya chui pale Morogoro Stores, Oysterbay, mwaka 1971, na alituambia aliipokea mkononi mwa Edward Saidi Tingatinga mwenyewe, mchoraji aliyeanzisha picha za aina hii. Ni hadibodi ya kama sentimita 60 kwa 60. Ilikaa sebuleni miaka yote hiyo, ikala moshi wa jiko la mafuta ya taa. Mwaka 2022 nikaipeleka kwa fundi abadilishe fremu, fremu peke yake. Niliporudi jioni nikamkuta kijana ameshika kitambaa kimelowa thina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, na kitambaa kimekuwa cha manjano. Manjano ile ndiyo iliyokuwa mgongo wa chui. "Mzee, uchafu umetoka wote," akaniambia. Alipouona uso wangu akadhani anaokoa jahazi, akaipaka vanishi ya milango. Marehemu Tingatinga alichora kwa miaka 4 hivi, tangu 1968 hadi alipouawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972. Hakuna atakayetuchorea nyingine. Leo palipopita brashi ya Tingatinga pana kiwaa cha kahawia, na msimu wa joto kinanata.

Simlaumu sana kijana, maana hata gazeti linasema "tu". Rangi ile ya baiskeli ya kung'aa huganda kwa kuvuta oksijeni ya hewani, na huendelea kukakamaa miaka na miaka. Hadibodi nayo ni nyuzi za miti zilizoshindiliwa: masika hunywa unyevu ikavimba, kiangazi ikasinyaa. Rangi iliyokakamaa haiwezi kuufuata ubao, basi hupasuka na kubanduka magamba, hasa pembeni. Mwaka 2020 watafiti waliochunguza The Scream, picha maarufu ya mchoraji Edvard Munch, huko Oslo, Norwei, walionyesha kuwa manjano yake huharibiwa na unyevu kuliko mwanga. Huko Oslo kwenye baridi! Sisi wa Dar es Salaam tuseme nini? Picasso, mchoraji mashuhuri wa Ulaya, naye alitumia Ripolin, rangi ya makopo ya kupakia nyumba, na mwaka 2013 wataalamu wa Chicago walizipiga eksirei chembechembe za rangi ya picha zake ili wajue ni kopo gani. Hakuna aliyesema Picasso ni rangi ya milango tu. Chembe ndogo kuliko kichwa cha pini ingetosha kutuambia Tingatinga alitumia nini, na kwa hiyo kipi kisiguse picha yake.

Na hapo hapo kuna hili la watu wanaochora leo na kuandika chini jina la marehemu, kisha wanamuuzia mgeni kwa bei ya kiwanja. Tutawaumbua kwa lipi, kama hatujui marehemu alitumia rangi gani?

Naomba Makumbusho ya Taifa iwe na kabati la makopo. Wakusanye rangi za mafuta zilizouzwa Kariakoo tangu miaka ya 60, hata zilizokauka, kila kopo na kibandiko chake. Na kila mchoraji anayeuza leo aandike nyuma ya ubao kwa penseli: rangi gani, duka gani, mwezi na mwaka. Ni kazi ya dakika mbili.

Mimi nimeshaanza. Nyuma ya chui wa baba nimeandika: "Ilisuguliwa kwa thina, ikapakwa vanishi ya mlango, Machi 2022." Atakayekuja kuitibu ajue anaanzia wapi.

Mwalimu mstaafu,
Temeke, Dar es Salaam