Programu ya nywila ikigoma, usikimbilie kuifuta

Siku hizi simu tunazopokea kuhusu programu za kutunza nywila zinafanana: "Imekula nywila zangu zote." Tukiuliza, wengi wanatumia beta, yaani toleo la majaribio ambalo watengenezaji hulitoa kabla halijaiva ili watumiaji walipekue. Tuwatoe hofu kwanza: mara nyingi hakuna kilicholiwa. Kilichoharibika ni mwonekano. Nywila zipo zimefungwa salama, ila skrini inashindwa kuzionyesha au kuzijaza pale zinapotakiwa.

Hasira zenu tunazielewa. Unataka kuingia benki mtandaoni ulipe mzigo, kile kisanduku cha kujaza nywila kinachomoza chini ya kibodi, hukigusi wala hukioni. Unawasha mandhari ya giza, na maandishi nayo yanageuka meusi. Unabonyeza "Hifadhi", kimya. Unabonyeza tena, na tena. Kesho yake akaunti moja imejiandika mara nne na hujui ipi ina nywila sahihi. Hata matoleo kamili hayasalimiki. Desemba 2024 Bitwarden, moja ya programu hizi za kutunza nywila, walipobadilisha sura ya kiendelezi chao cha kivinjari (kiprogramu kinachoongezwa kwenye Chrome au Firefox), watumiaji walikuja juu, maana kubofya jina la akaunti hakukujaza tena nywila; ilibidi ukitafute kitufe kidogo cha pembeni. Baadaye wakaongeza mpangilio wa kurudisha mtindo waliouzoea.

Kabla ya kuilaumu beta, angalia jambo moja. Android tangu toleo la 8 la mwaka 2017 ina huduma yake rasmi ya kujaza nywila, na ni wewe unayechagua programu ipi ifanye kazi hiyo. Ingia kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya kujaza kiotomatiki, uone kama programu yako bado ndiyo iliyochaguliwa. Angalia pia kama hali ya kuokoa betri haiizimi kila ukigeuka.

Kama bado inasumbua, tumia kompyuta kuingia kwenye akaunti yako kupitia tovuti ya programu hiyo. Ukizikuta nywila huko, tatizo liko kwenye simu tu, na unaweza kunakili unayoihitaji ukaendelea na kazi yako.

Sasa hapa ndipo watu wanapoumia. Mtu akichoka anaifuta programu aipakue upya. Ikifunguka, inamwomba nywila kuu, yaani ile moja inayofungua nyingine zote. Yeye kwa muda wote huo amekuwa akifungua kwa kidole, na nywila kuu aliiandika siku ya kwanza akaisahau. Anaandika barua pepe kwa watengenezaji, anajibiwa kwamba hawawezi kumsaidia. Si roho mbaya: programu nyingi za aina hii zimeundwa ili kampuni isiwe na nywila yako kuu kabisa, na isipokuwa nayo haiwezi kukurudishia. Wanaotumia programu za familia ya KeePass waongeze tahadhari nyingine, kwa sababu nywila zao zote hukaa kwenye faili moja, na kama nakala pekee iko ndani ya simu, hakuna tovuti ya kukimbilia. Kwa hiyo kabla ya kufuta chochote, andika nywila kuu uone kama inakubali.

Tatizo jingine linalofanana na hilo ni pale programu inapokutengenezea nywila mpya ndefu, tovuti inaipokea, halafu ujumbe wa kuuliza "Uhifadhi?" hautokei. Usikate tamaa hapo. Programu kadhaa huweka historia ya nywila zilizotengenezwa; ifungue mapema, nywila yako huenda imo.

Kutoka kwenye beta si kazi. Kwenye Play Store fungua ukurasa wa programu, shuka hadi sehemu ya majaribio, jiondoe, subiri kidogo, ndipo uifute na kupakua toleo la kawaida. Kwa wenye iPhone waliopakua kupitia TestFlight, programu ya Apple ya kugawia matoleo ya majaribio, kila toleo huisha baada ya siku 90. Likikataa kufunguka ghafla, angalia hilo kwanza.

Kwa maoni yetu, simu ya keshia si mahali pa beta. Mwenye duka akipenda kujaribu vitu vipya, ajaribu kwenye simu yake ya pili.

Ukituletea tatizo, tuambie namba ya toleo la programu, aina ya simu na hatua ulizofuata mpaka kasoro ikatokea. Picha ya skrini huenda ikatoka nyeusi tupu, kwa kuwa programu hizi nyingi huzuia kupigwa picha. Azima simu nyingine upige nayo, lakini hakikisha hakuna nywila inayosomeka. Na nywila kuu usitutajie, hata fundi wetu akikuuliza.