Njia ya Shule, Wiki Mbili Kabla

Mpendwa rafiki yangu,

Salamu nyingi sana. Sisi huku wazima, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali. Ama baada ya salamu, barua yako niliipata, na lile swali lako la mwisho halijanitoka: mtoto anayeanza darasa la kwanza, unamwandaa vipi? Shule inafunguliwa Jumatatu, kwa hiyo nakujibu mambo yakiwa bado mabichi.

Sare, madaftari na begi vilikuwa tayari mapema. Kilichonishtua ni kitu kingine. Siku moja tukiwa ndani ya gari nilimwuliza mwanangu, "Hapa ni wapi?" Akachungulia dirishani, akasema, "Sijui. Karibu na kwa bibi?" Kwa bibi tulikuwa tumeshapapita kitambo. Amezaliwa katika mji huu, amefikisha miaka sita humu humu, na bado alikuwa mgeni. Anapandia mlangoni, anashukia mlangoni, katikati anaona vitu vikikimbia nyuma ya kioo. Iliniuma, maana aliyemkalisha pale ni mimi. Nikaliacha gari kwa wiki mbili, tukatembea.

Sharti lilikuwa moja: kwenda naongoza mimi, kurudi anaongoza yeye. Siku ya kwanza alipotea hata hatua mia moja hatujamaliza. Alikuwa ameweka alama yake kwenye gari jekundu lililoegeshwa konani, na tuliporudi gari halipo. Akasimama. Midomo ikaanza kumcheza, akaniangalia. Ulimi ulikuwa unaniwasha lakini nikajizuia, nikangoja. Mwishowe akasema, "Gari linaondoka. Mti hauondoki." Tangu hapo akawa anachagua alama zake mwenyewe kwa makini ya ajabu: mti uliopinda, ngazi za maktaba, mnara wa saa. Geti la bluu alilikataa, eti mwenye geti anaweza kulipaka rangi nyingine.

Halafu kuna jambo la kivuli, ambalo hata mimi sikuwahi kulifikiria. Shule iko magharibi mwa nyumba yetu. Asubuhi jua liko mgongoni, kivuli kinatutangulia. Jioni tukirudi, jua limeshahamia upande wa pili, liko mgongoni tena, na kivuli kinatutangulia tena. Yeye ndiye aliyegundua. Alisimama katikati ya njia akapiga kelele, "Mama, kivuli kinajua kwenda na kinajua kurudi!" Hapo hapo, pembeni ya barabara, tukazungumza mashariki na magharibi, na sasa akitoka nyumbani anaangalia kwanza kivuli kimelalia wapi. Adhuhuri kivuli kikamfupikia miguuni akakasirika kabisa, akasema sasa hakimsaidii mtu.

Barabara kubwa ndiyo iliyonipa hofu. Pale pa kuvukia nilichuchumaa mpaka macho yangu yakawa sawa na yake. Rafiki yangu, sikuona barabara. Niliona taa ya gari lililoegeshwa na ubavu wa bati, basi. Miaka yote nimekuwa nikimwambia "tazama kulia, tazama kushoto" nami nimesimama juu ninakoona kila kitu! Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kinachoua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 kuliko ajali za barabarani, na mtoto wa umri huu hajakomaa kupima kasi ya gari linalomjia, hata awe mwerevu vipi. Kwa hiyo kuijua njia ni jambo moja, kuipita peke yake ni jingine. Mkono wake sitauachia mwaka huu. Tumekubaliana hatuvuki kati ya magari yaliyoegeshwa, hata tukichelewa. Mistari myeupe ya kivuko kilicho karibu na shule imefutika. Nimewaandikia wahusika, sijajibiwa, na nitaandika tena.

Usiku mmoja alipolala nilisoma kuhusu madereva wa teksi wa London, wanaolazimika kukariri maelfu ya mitaa kabla ya kupewa leseni. Mwaka 2000 mtafiti Eleanor Maguire na wenzake walionyesha kwamba sehemu ya nyuma ya hipokampasi, eneo la ubongo linalotunza kumbukumbu za mahali, ilikuwa kubwa zaidi kwa madereva hao kuliko kwa watu wengine waliolinganishwa nao. Nilimtazama aliyelala pale, vumbi la siku nzima bado liko kisigino, nikafurahi kwamba tulitembea.

Kwa hiyo jibu langu kwako: mtoe nje, na ukubali kuchelewa. Mambo mengine tuliyafanya pia, tulipanda basi, tukaingia maktaba akaandikishwa, tukakaa stesheni kutazama treni zikiingia. Lakini yaliyomkaa ni yale ya njiani, aliyoyapata nikiwa nimenyamaza. Jana ameniongoza kutoka nyumbani hadi geti la shule bila kuuliza hata mara moja. Alipofika akalishika lile geti kwa mikono miwili, akachungulia ndani, akasema, "Si mbali."

Ndani ya bahasha utakuta ramani yake. Ni ya tatu. Mbili za kwanza hataki mtu azione. Mti uliopinda ameuchora mkubwa kuliko shule, usishangae. Aliniuliza wewe unakaa upande gani, nikamwambia kaskazini, mbali sana. Karatasi ikawa haitoshi. Ule mshale uliopo ukingoni juu, wenye mstari uliokatika, ni njia ya kuja kwako.

Wako akupendaye daima.