Anayechagua myuzikali kwa sikio asianze na tuzo

Mhariri, habari za kazi. Mimi ni fundi cherehani hapa Mwanga, Kigoma, msomaji wenu wa siku nyingi, gazeti lenu hunifikia likiwa limeshapita mikono ya watu wawili watatu lakini nalisoma lote mpaka matangazo ya zabuni. Naandika kwa ajili ya yule msomaji aliyewauliza kwamba kasikiliza myuzikali moja, yaani mchezo wa jukwaani ambao stori yake inaimbwa, kaipenda, sasa aende kwenye ipi, na nyie mkamjibu atafute zile zilizobeba tuzo nyingi kuliko zote. Nimekaa na hilo jibu wiki nzima, halijanitoka.

Jibu lile linamfaa mtu wa New York au London anayeweza kukata tiketi akakaa kwenye kiti akaona taa, akaona watu wanavyocheza, akaona mavazi. Sisi wa huku tunapata sauti tu, rekodi ya waigizaji, basi, yaani ile albamu ambayo watu walewale waliocheza jukwaani wanaingia studio wanaimba nyimbo zote kwa mpangilio wake. Sasa tuzo kubwa ya kule inatolewa kwa mchezo mzima, na nusu ya huo mchezo haiingii kwenye spika.

Chukueni The Lion King ya jukwaani. Ilifunguliwa Broadway, kule kwenye kumbi kubwa za michezo New York, mwaka 1997, mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Tony, ndo hiyo kubwa ninayosema, ya myuzikali bora, na Julie Taymor akachukua ya uongozaji na ya mavazi pia. Mi mshona nguo, ningetoa chochote niyaone yale mavazi kwa macho yangu, lakini sikio halishiki kitambaa. Na mwaka huohuo tuzo ya nyimbo haikwenda kwao, ilikwenda kwa Ragtime, ya Stephen Flaherty na Lynn Ahrens. Kwa hiyo mtu akisema anafuata tuzo namuuliza tuzo ipi? Anayesikiliza tu, bora aangalie ya nyimbo. Ragtime nimeisikiliza yote, ile rekodi ndefu ya CD mbili, kuna mpiga piano mweusi anaitwa Coalhouse Walker, ana gari lake jipya analipenda, wazungu wanaliharibu kwa chuki tu, anatafuta haki kwa njia zote za halali anakosa, halafu mambo yanaharibika kabisa, na unaisikia sauti ya Brian Stokes Mitchell ikibadilika kadiri stori inavyokwenda mpaka unasahau kwamba humuoni.

Ngojeni niwaeleze ilivyonikuta mimi na Fiddler on the Roof. Hiyo ni ya mwaka 1964, imetoka kwenye hadithi za mwandishi Sholem Aleichem, kijiji cha Wayahudi kinaitwa Anatevka, Urusi, mwaka 1905. Mzee Tevye anauza maziwa, ana mabinti watano na mali hana. Mshenga, mama mmoja anaitwa Yente, anamletea binti mkubwa posa ya muuza nyama mwenye pesa, mtu mzima umri wa baba yake, na binti moyo wake uko kwa Motel, kijana masikini, fundi cherehani. Nilikuwa natia pindo sketi za sare za shule nilipofika hapo, mguu ukasimama wenyewe kwenye pedeli. Fundi cherehani! Kwenye mchezo maarufu dunia nzima, na anaimba wimbo wa kumshukuru Mungu kwamba amepewa mke, nikaurudia mara nne siku ile na sketi zikachelewa.

Sasa sikilizeni. Nikaishi na ile rekodi miezi, najua kila wimbo unakuja baada ya upi. Halafu jirani yangu akapata filamu yake ya mwaka 1971, tukaiangalia kwake usiku, na katikati huko nikaona Motel ameletewa cherehani yake ya kwanza, watu wa kijiji wanakuja kuishangaa, rabi anaulizwa kama kuna dua ya kubariki cherehani. Nililia, sioni aibu kusema. Na hilo tukio kwenye rekodi yangu halipo kabisa! Halipo kwa sababu pale wanaongea, hawaimbi, na rekodi nyingi zinachukua kinachoimbwa tu. Miezi yote ile nilikuwa nasikiliza stori yenye mashimo bila kujua, na tukio lililonihusu kuliko yote ndo lilikuwa kwenye shimo.

Kuanzia siku ile nikichagua cha kusikiliza swali langu la kwanza ni moja, hii stori inatembea kwenye nyimbo au kwenye maongezi? Zipo ambazo wanaongea sana kisha wanaimba, kama hiyo Fiddler na nyingi za zamani, My Fair Lady ya mwaka 1956 na wenzake. Hizo ni tamu lakini tafuta kwanza mtu akusimulie hadithi au usome muhtasari wake, ndo usikilize. Na zipo zinazoimbwa mwanzo mwisho au karibu yote, hizo ndo mali yetu sisi wa masikio, ni kama michezo ya redio tuliyokulia nayo, unafunga macho na mtu unamuona.

Kwa hizo ningemwambia yule msomaji aanze na Jesus Christ Superstar ya Andrew Lloyd Webber na Tim Rice. Hiyo ilitoka kama albamu kwanza, mwaka 1970, ndo mwaka uliofuata ikapanda jukwaani, kwa hiyo ilitengenezwa tangu mwanzo ili itoshe kwenye sikio. Ni wiki ya mwisho ya Yesu, sehemu kubwa kwa macho ya Yuda. Najua wapo wa kwaya yetu hawakuipenda, mmoja aliinuka akaondoka kibandani kwangu kwa sababu inaishia msalabani, ufufuo haumo, na kwa kweli hilo mtu alijue kabla. Lakini sala ya Gethsemane alivyoiimba Ian Gillan, ndo Yesu kwenye ile albamu, mtu anaogopa, anauliza kwa nini, anagomba, kisha anakubali, mimi nimesikia mahubiri mengi ya Ijumaa Kuu na sijawahi kuielewa ile bustani kama nilivyoielewa siku ile.

Les Misérables nayo iko hivyo, imeimbwa karibu yote. Ilianza na albamu ya Kifaransa mwaka 1980, ya Schönberg na Boublil, ikafika London mwaka 1985. Rekodi zake ziko nyingi, na hapa ndo watu wanapotea, kuna za nyimbo chache zilizochaguliwa, kuna ya waigizaji wa London, kuna za filamu, na kuna ile ndefu ya CD tatu inaitwa Complete Symphonic Recording. Chukua hiyo ndefu. Mimi naimba sauti ya pili kwenye kwaya, kwa hiyo ule wimbo wa kabla ya hafu taimu ndo chuo changu, kila mtu anaimba kesho yake, mfungwa wa zamani aliyejificha na askari anayemsaka na wapenzi wawili na msichana asiyependwa na wanafunzi wanaojiandaa kupigana na wenye gesti wezi, wote kwa pamoja na kila mmoja kivyake. Usiusikilize mara moja ukaachana nao, usikilize mara ya kwanza ukimfuata yule mfungwa wa zamani peke yake, mara ya pili yule msichana, mara ya tatu wanafunzi, utaona hakuna aliyewekwa pale kujaza nafasi.

Hamilton ya Lin-Manuel Miranda, ya mwaka 2015, hii vijana wanaijua kidogo kwa sababu ya rap. Ina nyimbo 46, zaidi ya saa mbili, na karibu mchezo mzima umo, kuna kionyesho kimoja kifupi tu waliacha kurekodi. Kwa kanuni yangu ilitakiwa iwe ya kwanza, lakini mi siipendekezi iwe ya kwanza, maneno yanakimbia mno na historia ya Marekani huku hatukufundishwa kiasi hicho, nilihitaji maneno yake yameandikwa mbele yangu na kamusi pembeni. Iwe ya tano au ya sita hivi. Kwa mtoto wa fristaili wa hapa Mwanga hapo sawa, aanze nayo.

Sasa baada ya moja kwenda ya pili inakuwaje. Mi nafuata uzi. Namshika mtu mmoja aliyenigusa, mtunzi au muimbaji au hata mpiga tarumbeta, naangalia alifanya nini kingine. Rudini kwenye The Lion King, ambayo rekodi yake ya jukwaani ina nyimbo ambazo kwenye katuni ya mwaka 1994 hazimo, na ndo nzuri kuliko zote, za Lebo M, mtunzi wa Afrika Kusini, na wenzake, Kizulu kimejaa mle. Pale Nala, yule simba jike, akiwa mkubwa anaimbwa na Heather Headley, anaaga nchi yake iliyokauka. Ile sauti ikanikaa. Nikamfuata, nikamkuta ndo Aida kwenye Aida ya Elton John na Tim Rice, mwaka 2000, binti wa mfalme wa Nubia aliyetekwa akapelekwa utumwani Misri, na akachukua Tony kwa hiyo. Mateka wenzake wanamtaka awaongoze, yeye anataka ajifiche, na nusu ya kwanza inaisha wote wanaimba kuhusu nchi yao. Sisi watu wa Kigoma tuna Ujiji hapo chini, misafara ya watumwa ilipita hapa na ile miembe mikubwa bado imesimama, sasa ukiisikiliza hiyo nyimbo halafu jioni ukapita na bodaboda chini ya miembe ile ukaja kuniambia hukusikia kitu, nitashangaa.

Uzi mwingine ni wa kwetu Afrika na hapo, mhariri, ndo mlinisikitisha, jibu lenu halikugusa hata mchezo mmoja wa Mwafrika. Sarafina! ya Mbongeni Ngema ilianza Johannesburg mwaka 1987, mwaka uliofuata ikafika Broadway, wanafunzi wa Soweto na yale ya tarehe 16 Juni 1976 walipokataa kufundishwa kwa Kiafrikana. Watu wengi wanajua filamu ya mwaka 1992 yenye Whoopi Goldberg, lakini rekodi ya jukwaani ni kitu kingine, watoto wenyewe wanaimba, mbaqanga ya moto, ule muziki wa dansi wa mitaa ya weusi Afrika Kusini. Na jamani hawa watoto siyo wa mbali, baada ya 1976 wengine walikimbia nchi na wakaja kusoma kwetu, Mazimbu pale Morogoro, kwenye shule ya ANC iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, aliyenyongwa mwaka 1979. Anayetaka kujua aanze na myuzikali ipi na yuko Tanzania, mi nasema hiyo, kabla hata ya Superstar niliyoitaja juu, Kizulu hutakielewa chote na utaelewa kila kitu.

Kwenye Sarafina! muziki ameshiriki kuutunga Hugh Masekela, mpiga tarumbeta. Ukivuta uzi wa Masekela unafika King Kong, ya mwaka 1959, Afrika Kusini hukohuko, muziki wa Todd Matshikiza, stori ya bondia wa kweli Ezekiel Dlamini, ambapo Masekela alikuwa kijana tu kwenye okestra na aliyeimba kama mwanamke mwenye shebini, kilabu cha pombe cha kificho, ni Miriam Makeba, ndiyo, huyuhuyu aliyetuimbia Malaika. Rekodi yake ipo. Inakwaruza kidogo lakini ipo.

La mwisho kuhusu kununua, maana bando ni hela. Albamu za mkusanyiko, zile za nyimbo bora za myuzikali zote, achana nazo, nilijaza simu nazo mwanzoni na leo sikumbuki hata moja, ni kama kununua mikono ya magauni kumi bila gauni. Angalia jina la mchezo, angalia mwaka, angalia kama imeandikwa ya jukwaani au ya filamu, na ukishaipakua usichanganye mpangilio, kile kitufe cha kuchanganya nyimbo kwenye simu kizime kabisa. Mi nashusha usiku bando likiwa rahisi, asubuhi nasikiliza kwa hedifoni sikio moja, jingine nawaachia wateja.

Ombi langu kwenu ni dogo. Kila mkitaja myuzikali kwenye ukurasa wa burudani wekeni mistari kumi tu ya hadithi yake kwa Kiswahili, nani ni nani na nani anamtaka nani, hasa vile vipande vya maongezi ambavyo rekodi inaviacha. Wapo wengi kama mimi, mafundi, wauza vitenge, walinzi wa usiku, tuna masaa mengi na masikio mazima.

Kwa sasa nina magauni matatu ya kipaimara ya kumaliza kabla ya Jumapili, na nimepanga kuanza Once on This Island, ya mwaka 1990, ni ya walewale wawili wa Ragtime, binti wa kisiwani na mvulana wa familia tajiri aliyepata ajali ya gari. Nimeshaomba mdogo wangu wa Dar anitumie maneno yake. Nikimaliza nitawaandikia.

Msomaji wenu,
fundi cherehani, Mwanga, Kigoma